Gimbali ya Droni Baada ya Kuanguka: Namna ya Kuitafuta Hitilafu kwa Mpangilio

Droni iliyoanguka mara nyingi hurudi angani siku ileile, kwa kuwa propela hubadilishwa kwa dakika chache na ganda lake hustahimili kishindo kuliko linavyoonekana. Kinachobaki kimelala ni gimbali, yaani kile kishikio chenye mikono mitatu kinachobeba kamera na kuiweka sawa ndege inapoinama. Mimi hupiga picha za mashamba ya mpunga ya Ahero na za harusi mjini Kisumu, na katika gimbali nilizozifungua, zangu na za wenzangu, nimeliona kosa moja likijirudia: mwenye droni huiwasha, huona onyo kwenye skrini, hubonyeza kitufe cha kalibresheni, yaani kuipima na kuiweka sawa upya, mara kumi, kisha huagiza gimbali nzima, ilhali kilichoharibika kilikuwa utepe mmoja wa waya au kipira kimoja kilichochomoka. Mpangilio ninaoupendekeza ni kutumia macho kwanza, kisha vidole, kisha umeme, na programu iwe ya mwisho.

Hapo ilipoanguka

Izime droni kabla hata ya kuipangusa tope. Mota za gimbali hazizunguki mfululizo kama za propela. Zimeundwa kushikilia pembe fulani, na zikizuiwa na jani, tope au mkono uliopinda, huendelea kuvuta umeme zikijaribu kufika mahali zinapotakiwa, hadi zipate joto linaloweza kuziharibu zenyewe au kuharibu saketi inayoziendesha. Droni yangu ilipogonga mkaratusi kando ya mfereji wa Ahero na kutumbukia katika mpunga, mota zote tatu zilikuwa nzima ilipotua. Niliiacha ikiwaka kwa dakika kadhaa nikitafuta njia ya kuifikia bila kukanyaga miche ya mwenye shamba, na nilipoishika, mota ya kuinamisha kamera ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole. Tangu siku hiyo huzima kwa rimoti mara tu ninapojua kwamba ndege iko chini, ikiwa muundo wake unaruhusu.

Chomoa betri uitazame pande zote. Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyobonyea au inayotoa harufu tamu kama ya kiondoa rangi ya kucha haichajiwi tena. Iweke nje juu ya mchanga au saruji, mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Ukikuta kamera inaning'inia kwa waya zake, usiivute wala usiiache iyumbe garini njia nzima, kwa maana uzito huo mdogo unatosha kuukata utepe ambao kishindo chenyewe kiliusaza. Izungushie kitambaa laini, uifunge pamoja na mwili wa droni.

Iliyoanguka majini ina masharti yake. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, lakini yana tope na mimea. Ya Ziwa Nakuru na Elementaita yana magadi, ambayo hupitisha umeme vizuri na huanza kula shaba ya viunganishi mapema. Katika hali zote mbili usiiwashe ili kuona kama bado inafanya kazi. Ondoa betri na kadi ya kumbukumbu, suuza gimbali kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa katika vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari, ukihakikisha kwamba ulichopewa ni maji na si asidi, kisha uikaushe kivulini mbele ya feni kwa siku mbili au zaidi. Usiifukie ndani ya mchele, kwa sababu mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani ya mota, tena huacha vumbi lake mahali ambapo vumbi halitakiwi kabisa.

Mikono mitatu na waya zake

Ukiitazama gimbali kutoka kwenye mwili wa droni kuelekea kwenye lenzi, katika droni ndogo nyingi utakutana kwanza na bamba lililoshikwa na vipira vitatu au vinne vya kumeza mtikisiko. Chini ya bamba iko mota ya kwanza, inayogeuza kamera kushoto na kulia. Baada yake huja mota ya pili, inayoizuia kamera isiegemee upande, na ndiyo mlinzi wa mstari wa upeo wa macho. Mwishoni iko mota ya tatu, inayoinua na kuinamisha lenzi. Kihisi kinachopima mwinamo huwa pamoja na kamera yenyewe. Waya zinazopita katikati ya mikono hiyo kwa kawaida ni za aina mbili: utepe mwembamba bapa unaopeleka umeme na amri kwenye mota, na fungu la nyuzi nyembamba sana linalorudisha picha. Tofauti hiyo ya waya ndiyo ufunguo wa uchunguzi wote, maana picha inaweza kupotea huku mota zikifanya kazi, na mota zinaweza kulegea huku picha ikiwa safi.

Macho na vidole

Droni ikiwa imezimwa na betri iko nje, keti penye mwanga mzuri ukiwa na kioo cha kukuzia. Hesabu vipira. Kimoja kikichomoka upande mmoja, bamba zima hukaa mshazari na upeo wa macho hulala, na hakuna kalibresheni itakayouinua kwa haki. Kirudishe kwa kijiti butu cha meno, kamwe si kwa sindano, kwa kuwa kipira kilichotobolewa huendelea kupasuka kila unaporuka.

Kisha usogeze kila mkono kwa kidole kimoja, polepole, tangu mwisho mmoja wa mwendo wake hadi mwingine. Gimbali nzima iliyozimwa hulegea na kufuata kidole bila ubishi. Unachokitafuta ni mahali inapokwama, inapokwaruza au inapotoa mlio, na utafute mahali hapo katika mikono yote mitatu kabla ya kuamua, kwa sababu madhara mara nyingi hayaishii katika mkono mmoja. Linganisha pia nafasi iliyopo kati ya mkono na ganda la kamera, kushoto na kulia. Nafasi isiyolingana ni dalili ya mkono uliopinda, hata kama jicho haliuoni mpindo wenyewe. Katika droni nyepesi, kama za DJI Mini zenye uzito wa chini ya gramu 250 kwa betri ya kawaida, mikono hiyo ni myembamba na hupinda kwa urahisi.

Uchafu hutofautiana kulingana na mahali. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano ukiwa mbichi hupakaa na kuingia ndani zaidi unapousugua, hivyo uache ukauke kabisa ndipo uutoe kwa brashi laini. Vumbi la upande wa Nakuru ni jepesi na kavu, nalo hutoka kwa kupulizwa kwa pampu ndogo ya mpira ya kusafishia lenzi. Usikubali ushauri wa kutumia upepo wa kujazia magurudumu, kwa sababu una nguvu mno na mara nyingi huwa na majimaji. Mchanga mweusi wenye chuma ndio msumbufu kuliko yote, kwa kuwa sumaku za mota huushikilia usipulizike; ubandulie kwa kipande cha selotepu, ukirudia kwa subira hadi mota izunguke kimya.

Kuwasha na kusoma dalili

Toa propela zote, weka droni juu ya meza iliyo sawa, hakikisha kifuniko cha kulinda gimbali kimeondolewa, kisha uiwashe na uitazame gimbali yenyewe badala ya skrini. Gimbali nzima hujinyoosha, huzunguka kidogo kila upande ikijipima, halafu hutulia ikitazama mbele. Isipofanya hivyo, namna inavyokosea hukuambia pa kutafuta. Ikilala kimya na picha nayo haipo, anzia kwenye viunganishi vilivyo ndani ya droni, kwa sababu kishindo kinaweza kuvichomoa bila kuvunja kitu chochote. Picha ikiwepo huku kamera ikining'inia, shuku utepe wa mota. Kamera ikisimama imara huku skrini ikiwa nyeusi, na ilhali rimoti inaonyesha betri na mwinuko kama kawaida, shuku nyuzi za picha.

Kutetemeka kwa kasi au kugonga mwisho wa mwendo, pamoja na onyo kwamba mota ya gimbali imezidiwa, humaanisha mara nyingi kwamba kitu kinazuia mwendo, au kwamba sumaku ya mota imehama mahali pake. Zima mara moja urudi kwenye vidole. Mtihani mwingine ninaouthamini sana ni huu: droni ikiwa imewashwa, bado bila propela, ishike mkononi na uiinamishe polepole mbele, nyuma na pembeni. Kamera inapaswa kubaki sawa kama kikombe mkononi mwa mtu aliyezoea kubeba chai. Picha ikikatika katika pembe moja tu na kurudi unapoondoka pembe hiyo, kuna uzi uliovunjika unaogusana na kuachana, na usikubali kurusha droni ya namna hiyo juu ya harusi ya mtu.

Picha inayochezacheza mithili ya kitu kinachotazamwa kupitia maji ni kesi ya pekee, kwa sababu chanzo chake mara nyingi si gimbali. Angalia kwanza propela zenye mchubuko na mota ya kurushia ambayo mhimili wake umepinda, kisha vipira.

Kalibresheni

Ifanye tu baada ya mikono yote kusogea kwa uhuru. Anza na vihisi vya droni yenyewe ikiwa programu inaruhusu, droni ikiwa imepoa, kisha gimbali. Meza iwe sawa kwelikweli: azima pimamaji ya fundi mwashi, kwa maana boneti ya gari au jiwe la ufukweni Dunga huiingiza kasoro ya mwinamo ndani ya kumbukumbu ya droni. Ikiwa mstari wa upeo bado umelala kidogo, programu nyingi zina sehemu ya kuurekebisha kwa mkono. Ukilazimika kuurekebisha tena kila unaporuka, acha kuurekebisha. Kuna kipira, skurubu au mkono unaosogea.

Kuifungua

Utepe uliochanika hubadilishwa nyumbani na mtu mwenye mkono uliotulia, bisibisi ndogo za kurekebishia simu, kibano, na alasiri nzima isiyo na haraka. Piga picha kila hatua kabla ya kugusa kitu, na panga skurubu juu ya karatasi kwa mpangilio ulivyozitoa, kwa sababu zinafanana lakini urefu wake hautoshani. Viunganishi vingine huinuliwa wima kwa kijiti cha plastiki na vingine vina kifuniko kidogo cha kufungua kwanza. Chunguza kabla ya kutumia nguvu.

Jambo linalowashinda wengi ni mizunguko. Utepe na nyuzi za picha huzungushwa mhimili mara kadhaa ili zibaki na ulegevu kamera inapogeuka, na ukizirudisha kwa mzunguko pungufu au kwa kuzibana, mota italazimika kuvuta waya kila inapogeuka, na onyo la kuzidiwa litarudi ingawa kila kipande ni kipya. Nakili mizunguko ya zamani kama ilivyokuwa, kisha, kabla ya kukaza skurubu ya mwisho, sogeza kila mkono mwendo wake wote ukitazama waya. Mkono uliopinda usiunyooshe kwa koleo. Hata usipopasuka, mihimili haitakutana tena inavyotakiwa; nunua mkono wenyewe.

Kiunganishi kilichong'oka kwenye saketi mpelekee fundi wa simu mwenye hadubini na upepo wa moto. Mafundi wa namna hiyo hawakosekani Kisumu wala Nakuru, na kulehemu viunganishi vidogo ni kazi yao ya kila siku; mwombe tu akinge plastiki na vipira visipate joto. Lakini saketi ya kihisi au mota yenye sumaku iliyohama ina kikwazo kingine: katika droni nyingi kipande kipya, hata kikitolewa kwenye droni ya aina ileile, huhitaji kupimwa kwa programu ya mtengenezaji ambayo mtumiaji wa kawaida hana. Hapo ndipo kununua gimbali nzima, au kuipeleka kwa fundi mwenye programu hiyo, kunakuwa na maana.

Kuruka tena

Chagua asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujapata nguvu, kwa sababu upepo mkali peke yake unaweza kuizidi mota ya gimbali na kukuchanganya. Chagua pia uwanja ulio mbali na watu na mbali na njia za ndege za uwanja wa Kisumu, ukizingatia kanuni za mwaka 2020 za usafiri wa ndege zisizo na rubani zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Iinue droni hadi usawa wa kifua na uiache hapo kwa dakika mbili ukirekodi, kisha itue, uzime na uguse mota tatu za gimbali kwa kidole: uvuguvugu ni wa kawaida, joto la kuunguza si la kawaida. Ruka tena, sasa ukigeuka kwa kasi, ukisimama ghafla na kuinamisha kamera hadi itazame chini kabisa. Nyumbani tazama rekodi hiyo kwenye skrini kubwa, ukifuata mstari wa ziwa au wa paa moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kasoro ambayo simu huificha huonekana hapo. Baada ya safari tano hivi, fungua tena kifuniko ukague kama vipira viko mahali pake na kama skurubu ulizozikaza hazijalegea.