Kiini kwanza, historia baadaye

Mnaowaandikia wavuvi wa Kibirizi, Kigoma, maelekezo ya injini za boti, igeni magazeti: jambo kuu liwe sentensi ya kwanza. Habari hupangwa hivyo ili mhariri akikosa nafasi akate aya za mwisho, kiini kibaki. Msomaji wenu naye hukatisha kusoma. Injini imezima katikati ya Ziwa Tanganyika, nani atasoma historia ya kiwanda? Andikeni: “Injini ikizima ghafla, kagua kwanza mafuta, kisha mpira wa mafuta.” Sababu zifuate. Shukrani ziende mwisho kabisa, kama ni lazima ziwepo.

Ila hatua zenyewe msizipange kwa uzito. Zifuate mtiririko wa kazi, na onyo litangulie hatua yake: “Zima injini kabla ya kugusa propela.”