Namna ya Kupeleka Habari ya Kijiji Chako Gazetini, Ikatoka na Ikawa Sahihi

Kwa miaka 19 nimetuma habari za milima ya Usambara kwenye magazeti ya Dar es Salaam, nikilipwa kwa kila habari iliyotoka. Gazeti likishachapwa usiku hupanda basi, hushushwa Mombo, kisha hupandishwa mlima kwa gari dogo, kona baada ya kona, kilomita 33 hivi hadi stendi ya Lushoto. Likifika ni mchana na nakala ni chache. Moja huenda kwa kinyozi, na kufikia jioni imeshapita mikononi mwa watu zaidi ya ishirini. Kila mmoja akilifungua anatafuta kwanza kama kwao kumetajwa. Mara nyingi hakujatajwa, na mara nyingi sababu ni kwamba hakuna aliyetuma kitu kinachochapika.

Nawaandikia ninyi mnaokaa huko juu: walimu, wahudumu wa afya, wakulima, vijana wenye simu nzuri. Si lazima uwe mwandishi. Tena kama huna kitambulisho cha uandishi usijitambulishe kuwa mwandishi, maana sheria ya mwaka 2016 imeweka masharti ya kazi hii. Wewe ni mwananchi mwenye taarifa, na hilo linatosha. Taarifa yako mpe mwandishi wa mkoa au wa wilaya yako. Namba yake ukiuliza kwa muuza magazeti au ofisi ya kata hutaikosa. Ila ukimpigia na kusema tu "huku kwetu tunaonewa", atakuitikia vizuri, atakupa pole, na habari itaishia hapo.

Anza kwa kuhesabu.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa lumbesa. Wakulima wetu wa viazi, kabichi na karoti wamelia na lumbesa tangu nikiwa mtoto. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha mfungaji analishonea kilemba cha kamba juu yake, na ndani ya kilemba hicho viazi vinaendelea kuingia. Bei inabaki ya gunia moja. Nilishaandika habari hiyo mara mbili kwa maneno ya malalamiko, na mara zote mbili haikutoka. Mara ya tatu nikaazima mzani wa kuning'iniza, nikamkuta mzee mmoja barabarani na magunia yake matatu yakisubiri fuso.

"Mzee wangu, naomba tuyapime kabla hayajapakiwa."

"Pima tu mwanangu. Kwenye hela hili ni gunia moja. Mgongoni kwangu ni gunia na nusu."

Vijana wawili wakapitisha mti kwenye ndoano ya mzani, wakainua. La kwanza kilo 142. La pili 137. La tatu 151. Nikaandika pale pale, nikapiga picha uso wa mzani kila mara sindano ilipotulia, na mzee akasimama pembeni akisoma namba kwa sauti. Kilo 430. Gunia la mazao kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, kwa hiyo magunia matatu yalikuwa na kilo 130 za ziada ambazo hakulipwa hata senti. Alipoisikia hesabu hiyo alikaa chini. Alikuwa akijua siku zote kwamba anapunjwa, ila hakuwahi kujua ni kiasi gani.

Habari hiyo ilitoka. Mhariri alikuwa na namba tatu, mahali, siku, mtu aliyekubali jina lake litumike, na picha ya mzani. Kwa hiyo kabla hujampigia mtu yeyote, tafuta mzani wa habari yako. Kama ni zahanati isiyo na dawa, ni dawa zipi na tangu tarehe ngapi? Kama ni daraja lililosombwa, watoto wangapi wanavuka mto kwenda shule, na maji yanawafika wapi mwilini? Simama pale asubuhi moja uhesabu. "Wengi" haichapiki.

Namba nyingine zipo tayari kwenye karatasi, na watu hawazisomi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe. Nenda na daftari. Ubao wa matangazo ofisini upige picha karatasi nzima, pamoja na mhuri na tarehe. Vikao vya Baraza la Madiwani vya kawaida viko wazi kwa mwananchi, unaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inayohusu serikali za mitaa huwekwa hadharani kila mwaka. Tafuta humo jina la halmashauri yenu. Ukinyimwa taarifa, omba kwa barua ukiitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa mwenye ofisi siku 30 za kukujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana wakikaa kimya barua hiyo nayo ni sehemu ya habari.

Sasa majina. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo niliumia.

Wilayani kwetu kuna Mlalo na kuna Mlola. Mwaka wangu wa pili nilituma habari ya kisima kilichochafuka, nikaandika Mlola badala ya Mlalo. Hakuna aliyeona kosa gazetini. Wangeonaje, hawajawahi kufika huku. Ikatoka hivyo. Mama mmoja wa Mlola aliyekuwa akiuza mboga kando ya kisima chao, kizuri tu, alikaa siku kadhaa bila wateja. Nilipanda gari nikaenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa maji ya kisima kile kile, akaniangalia nikinywa. Marekebisho yalichapwa baada ya siku nne, mistari miwili, ukurasa wa ndani.

Tangu siku hiyo jina la mtu namwandikisha mwenyewe kwa mkono wake kwenye daftari langu, majina yote matatu, umri, kazi na kitongoji. Jina la mahali naliandika pamoja na kata yake na wilaya yake, halafu namsomea mtu wa hapo hapo. Ukituma kwa simu, soma tena baada ya kuandika, maana simu inapenda kukubadilishia majina yetu ya Kisambaa. Mtoto aliyedhulumiwa usimtaje jina, wala la mzazi wake, wala shule yake. Kijijini hata jina la mjomba linatosha kumtambulisha.

Ukishakuwa na upande wa mlalamikaji, mtafute anayelalamikiwa. Hii si hisani. Mpigie, mweleze jambo lote na namba zako, mwachie muda wa kujibu. Asipopokea piga tena baada ya saa moja, kisha mtumie ujumbe. Andika saa ya kila simu. Kwa habari ya lumbesa wa kuulizwa walikuwa mnunuzi mwenyewe, mtendaji wa kata, na Wakala wa Vipimo ofisi ya mkoa. Mnunuzi alinieleza kwamba ushuru wa njiani unatozwa kwa gunia, si kwa kilo, ndiyo maana kila mtu anataka gunia kubwa. Nisingempigia nisingelijua hilo, na habari yangu ingebaki na mhalifu mmoja na bila sababu.

Kuandika kwenyewe ni kazi fupi kuliko watu wanavyodhani. Usianze na "Katika hali isiyo ya kawaida". Usianze na mgeni rasmi. Sentensi ya kwanza ibebe nani, nini, wapi na kiasi gani. Yangu ilikuwa hivi: "Wakulima wa viazi wilayani Lushoto wanapoteza kati ya kilo 37 na 51 kwa kila gunia, baada ya wanunuzi kufungasha lumbesa na kulipa bei ya gunia la kawaida." Baada ya hapo mtu aseme kwa maneno yake, halafu upande wa pili, halafu sheria inasemaje. Maneno 300 hadi 400. Ukizidisha, mhariri atakata mkiani, kwa hiyo jambo zito usiliweke mwisho.

Picha iwe na mtu na kitu. Taja majina kuanzia kushoto.

Tuma kabla ya saa nane mchana ikiwa unataka itoke kesho yake. Baada ya hapo kurasa za mikoani zinakuwa zimeshaanza kujaa. Siku za bajeti bungeni usitegemee nafasi, isipokuwa jambo lako ni la kufa na kupona.

Kuna suala la bahasha. Mtu atakayetaka habari yako itoke, au isitoke, anaweza kukupa "nauli". Usipokee, hata elfu mbili. Vijijini siri hiyo haifiki jioni, na siku utakapoleta namba za kweli watauliza nani amekulipa.

Na usidhani jambo hili ni geni kwetu. Tanga ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Kiongozi, lililochapwa kwenye shule ya serikali enzi za Wajerumani hadi mwaka 1916. Mwaka 1923 likaja Mambo Leo kutoka Dar es Salaam. Walimu na makarani wa miji midogo walituma humo habari za kwao: mvua imenyesha lini, nzige wameingia wapi, nani amefariki. Leo mtu akitaka kujua njaa ya mahali fulani ilianza mwezi gani, anafungua kurasa zile zile. Aliyeandika alikuwa mwalimu mwenye kalamu, na tarehe aliiweka.

Habari ikitoka nunua nakala mbili. Moja mpelekee uliyemnukuu, hata kama ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, mkae msome pamoja. Akikuta kosa lipeleke kwa mhariri siku hiyo hiyo kwa maandishi, ukitaja ukurasa na sentensi. Kama ni zito na gazeti limekataa kusahihisha, Baraza la Habari Tanzania linapokea malalamiko ya wananchi. Nakala ya pili kata habari yako, ibandike kwenye daftari, andika tarehe juu yake, kisha hesabu miezi mitatu mbele na uandike tarehe hiyo nayo. Siku hiyo ikifika rudi pale pale. Mimi nilirudi barabarani na mzani wangu wa kuazima, nikamkuta mzee yule yule. Magunia yalikuwa manne. La kwanza lilisoma kilo 118.