SOMO: Kutoka fundi wa minara ya simu mpaka dalali wa ardhi, hatua kwa hatua

Wakuu salama. Miaka tisa nilikuwa fundi wa minara ya simu, napanda asubuhi na mkanda kiunoni nashuka jioni mgongo unawaka, leo nauza ploti pande za Matugga mpaka Bombo, kaskazini mwa Kampala hapa Uganda, na kila wiki kuna fundi ananiuliza nilivukaje, basi naandika mara moja.

HATUA YA 1: Usiache kazi kwanza. Mimi nilianza wikendi tu, mshahara unaingia kama kawaida, maana dili yangu ya kwanza ilikuja baada ya miezi saba. Dalali mwenye njaa atauza hata ploti ambayo roho inamkataza.

HATUA YA 2: Chagua eneo moja ulijue kama mfuko wako. Mimi nilichukua barabara ya Bombo kwa sababu minara ya huko nimeihudumia sana, najua wapi gari linakwama mvua ikinyesha. Zoeana na chairman wa LC1, yaani baraza la kijiji, mama wa duka, vijana wa boda pale stejini, hao wanajua nani anataka kuuza kabla bango halijawekwa.

HATUA YA 3: Soma ardhi kabla ya kusoma bei. Hapa ndipo mafundi tunaanguka, tunadhani hati ni kama mchoro wa mtambo, ukiwa sawa basi mtambo uko sawa. Uganda tuna umiliki wa aina nne: mailo, friholdi (yako bila kikomo cha muda), lisi (unakodi kwa miaka maalum) na ardhi ya kimila. Huku Buganda sehemu kubwa ni mailo, ile ya mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, na kwenye mailo mmoja anaweza kuwa na hati na mwingine ana kibanja, yaani haki ya kuishi na kulima, juu ya udongo huohuo, na sheria ya ardhi ya 1998 inawatambua wote wawili.

Yaliyonikuta: nilipata nusu eka nzuri, nikafanya sachi, yaani kukagua rekodi za hati, kwenye ofisi ya ardhi Wakiso, jina la muuzaji sawa, hakuna mkopo, hakuna kaveti (zuio la mtu anayedai ardhi), nikampeleka klayanti nikiwa nimeshapiga hesabu ya komisheni kichwani. Tunazunguka pale, nyuma ya migomba akatokea bibi mmoja na kimfuko cha plastiki, akakifungua taratibu, ndani risiti za busuulu, kodi ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye hati, zimekunjwa mpaka zinachanika, nyingine za marehemu mume wake. Hakugomba hata kidogo, alituuliza tu kama tumekuja kumpa chai. Klayanti akanitazama, nikatazama viatu vyangu. Sheria inasema mwenye hati akitaka kuuza, wa kwanza kuulizwa ni mwenye kibanja, na bibi hakuwa ameulizwa na mtu. Dili ikafa palepale. Tangu siku ile naanza na majirani, sachi baadaye.

HATUA YA 4: Tumia ufundi wako, ndio mtaji madalali wengine hawana. Nenda na futi kamba. Wauzaji wanasema "hamsini kwa mia, desimali 12", piga hesabu, desimali ni moja ya mia ya eka, futi za mraba 435.6: futi za mraba 5,000 gawanya kwa 435.6 unapata kama desimali 11 na nusu, na nyingine ukizipima ni 45 kwa 90. Tafuta mawe ya mpaka, usipoyaona mwite saveya, mpima ardhi, afungue mipaka, yaani aitafute upya kwa vipimo. Halafu rudi siku mvua imenyesha. Ukiona mafunjo karibu au maji yamesimama, achana nayo hata kama ina hati, maana hati zilizotolewa kwenye kinamasi baada ya 1995 serikali ilishasema inazifuta.

HATUA YA 5: Komisheni iandikwe kabla hujaonyesha ploti. Na pesa ya ardhi isipite kwenye simu yako, ipite benki mbele ya wakili. Hapo sina maneno mengi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Jinja): Mimi ni fundi umeme sina digrii, nitaruhusiwa?
Jibu: Kutafuta mnunuzi na muuzaji hakudai digrii. Ila kupima na kuthamini ni kazi ya watu waliosajiliwa, usijiite saveya ndugu yangu, hata kama unajua kutumia mashine.

Swali (Arua): Rafiki yangu Mkongo anataka mailo, nimuuzie?
Jibu: Hapana. Asiye raia anapata lisi tu, mwisho miaka 99. Mtafutie lisi, na wakili aandike.

Swali (Mbale): Muuzaji anasema mke wake yuko kijijini, tusaini tu?
Jibu: Kama ni ardhi ya familia, wanapoishi au wanapolima chakula chao, mke lazima akubali kwa maandishi, na mume vilevile mke akiuza. Panda basi umfuate, nauli ni ndogo kuliko kesi.

Swali (Kampala): Gharama gani mnunuzi husahau?
Jibu: Ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani, na thamani anaisema mthamini wa serikali, sio bei mliyopatana kwenye chai. Mwambie mapema, mimi mmoja alininunia miezi miwili.

Swali (Kampala tena): Na minara umeiacha kabisa?
Jibu: Mkanda bado uko nyuma ya mlango. Mwezi ukiwa mkavu, dili hakuna, naitwa napanda.