Jinsi ya kuwa ARMY ukiwa Bongo na bando la buku

Hii naiandika kwa wadogo zangu walioanza kuipenda BTS, lile kundi la wanamuziki saba wa Korea Kusini ambalo mashabiki wake wanaitwa ARMY, juzi juzi, hasa baada ya wote saba kumaliza jeshi mwaka 2025, af wanaingia kwenye magrupu wanakuta watu wanaongea vitu havieleweki, mara bayasi, mara kambeki, mara fotokadi, mtu anaona noma kuuliza anabaki kusoma kimya kimya. Uliza tu. Bayasi ni yule unayempenda kuliko wenzake, kambeki ni wakitoa kazi mpya, fotokadi tutaifikia mbele, basi. Na usidhani kuwa ARMY mpaka uwe na hela, wengi wanapotelea hapo, anaanza kumsumbua mama yake amnunulie albamu wakati hata hajajua nani ni nani na hana wa kushangilia naye. Kwanza tafuta watu. Vitu vitakuja vyenyewe, na visipokuja pia hamna shida.

Ila kabla ya watu jua majina, maana kwenye grupu hamna anayekaa kukufundisha wakati kambeki imepamba moto. Shika kwa mpangilio huu huu: Kim Namjoon, Kim Seokjin, Min Yoongi, Jung Hoseok, Park Jimin, Kim Taehyung, Jeon Jungkook, halafu BTS! Ndo mashabiki wanavyopiga kelele kwenye shoo na ukichanganya utasikika peke yako. Namjoon ndo RM, kiongozi. Seokjin ni Jin, mkubwa wao, wa 1992. Yoongi ni Suga, Hoseok ni J-Hope, Taehyung ni V, Jimin na Jungkook wanatumia majina yao, na Jungkook ndo kitinda mimba, wa 1997. Yaseme kwa sauti ukiwa unaosha vyombo, siku mbili tatu yamekaa. Walianza rasmi tarehe 13 Juni 2013 wakiwa chini ya Big Hit, kipindi hicho kakampuni kadogo tu, leo ndo HYBE unayoisikia, na kila mwaka ikikaribia tarehe hiyo kunakuwa na shamrashamra zao zinaitwa Festa.

Sasa saa. Hapa watu wanateseka bure kabisa. Tangazo limeandikwa saa za Korea, Korea wako mbele yetu masaa sita, mtu anaanza kupiga hesabu kwenye kalkuleta na bado anachelewa. Sikiliza, sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna bahati moja ambayo hata hao ARMY wa Ulaya hawana: namba haibadiliki. Wakiandika 1PM, kwetu ni saa moja asubuhi. Wakiandika 6PM, kwetu ni saa sita mchana. 9PM ni saa tisa alasiri. 8AM yao ni saa nane usiku wetu, hiyo lala tu utaangalia kesho. Yaani unachukua namba kama ilivyo, PM yao ni mchana wetu, AM yao ni usiku wetu, umemaliza. Dynamite ilivyotoka 21 Agosti 2020 tangazo lilisema 1PM, kwa hiyo Dar, Nairobi, Mombasa kote ilikuwa saa moja asubuhi. Na ndo maana bethidei zao kwetu zinaanza jana yake jioni, ya Jungkook ni 1 Septemba ila sisi tunaanza kuposti 31 Agosti saa kumi na mbili jioni, pale magharibi inapoingia, ya V ni 30 Desemba tunaanza 29. Usiposti asubuhi ya tarehe yenyewe af ukashangaa mbona wenzangu wamepoa.

Kustrimu, yaani kusikiliza na kuangalia kazi zao mtandaoni. Nitasema ukweli hata kama maadmini watanuna. Kuna magrupu yanawapa watoto presha ya ajabu, strimu usiku kucha, tuma skrinishoti, ambaye hajastrimu sio ARMY, wakati mtoto wa watu ana bando la buku la masaa ishirini na nne. Kwanza jua unastrimu kwa ajili ya chati gani. Ile Billboard Hot 100 inayopigiwa kelele inahesabu Marekani tu, wasikilizaji wa Marekani, redio za Marekani, mauzo ya Marekani, kwa hiyo MB zako za Tabata haziongezi hata punje, na usikubali kuambiwa uweke VPN ujifanye uko Texas, huo ni udanganyifu na namba za namna hiyo zinachujwa. Inayotuhesabu sisi ni Billboard Global 200, ilianza 2020, na zile chati za dunia za Spotify, na viewz za YouTube. Kwa hiyo ukitaka kusaidia, sikiliza kwa akili: usiirudie nyimbo moja mfululizo kama roboti, changanya na nyingine katikati, acha iishe, usizime sauti. Video shusha kwoliti, wengine watakwambia lazima 480, mi kwenye bando sijawahi kujitesa na hilo. Bando likiisha limeisha. Wako mamilioni dunia nzima, hawatakosa namba moja kwa sababu wewe umelala.

Laivu zao ziko kwenye app ya Weverse, nyingi ni bure, na hapo ndo utawaona wanakula tambi na kuongea upuuzi, binafsi naona ni tamu kuliko video zenyewe. Kikorea hutaelewa, subiri tafsiri, au jifunze herufi zao, za msingi ni 24 tu, ukikomaa wikiendi moja unaanza kusoma majina kwenye mabango hata kama huelewi maana.

Turudi kwa watu. Marafiki mashabiki wenzio hupati kwa kuingia grupu la watu mia tano na kuandika "nani anataka kuchati", hapo utapata wanaume wa miaka thelathini. Unapata kwa kukaa sehemu moja muda mrefu. Chagua grupu dogo, la WhatsApp au Telegram, ambalo watu wanajibizana kwa majina, ukimuona mtu anacheka vitu unavyocheka wewe mjibu, mtumie memi, kesho tena, baada ya mwezi mtajikuta mnatumiana voisi za dakika saba kuhusu nywele za Yoongi na katikati anakwambia baba yake amelazwa. Urafiki unakuja hivo hivo, kwa mlango wa nyuma. Wakenya usiwaogope, wanaandika Sheng huelewi nusu yake lakini ni wachangamfu na taarifa wanazo mapema.

Mambo ya usalama nayataja haraka lakini yashike: picha ya yunifomu yenye beji ya shule usitume, jina la mtaa usitume, mtu anayekataa kupiga video koli, kila siku ana sababu, huyo sio rafiki yako bado, na anayesema "usimwambie mama" mbloku saa hiyo hiyo bila kuaga. Mkitaka kuonana mara ya kwanza iwe mchana, sehemu ya watu, Mlimani City au popote penye kelele, na nyumbani wajue, uende na mtu hata mdogo wako.

Fotokadi sasa, maana hapa ndo hela za watu zinapotea. Fotokadi ni kakadi kadogo kenye picha kanakokaa ndani ya albamu, huchagui, unaweza kumtaka Jimin ukampata Namjoon, kwa hiyo watu wanabadilishana na kuuziana. Kabla hujatuma hata mia, mwambie muuzaji apige picha ya kadi pembeni ya karatasi aliyoandika kwa mkono jina lake na tarehe ya leo. Picha aliyoitoa Pinterest haiwezi kuwa na hiyo karatasi. Akupigie na nyuma ya kadi, na aiinamishe kwenye mwanga uone kama ina mikwaruzo. Ukituma hela, jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lifanane na la mtu unayeongea naye, likija jina jingine af anaanza "hiyo ni laini ya kaka yangu", ghairi. Oda za pamoja, zile za kuchanga watu kumi mletewe mzigo mmoja kutoka Korea, ni nzuri kwa sababu usafiri mnagawana, ila ingia kwenye ile ambayo msimamizi ameshaleta mizigo ya watu unaowajua, na muulize mapema ushuru ukitokea analipa nani, watu wamegombana mpaka leo kwa ajili ya hilo swali.

Kutuma kadi mkoani ni basi tu. Iweke kadi kwenye kimfuko chake cha plastiki, mdomo uzibe kwa karatasi ya gundi laini, selotepu kali ikigusa kadi umeiua, kisha ibane katikati ya vipande viwili vya boksi gumu, ndo uingize kwenye bahasha. Nenda ofisi ya basi, lipia, chukua risiti, uliza namba ya gari na namba ya ofisi ya kule linakofika, piga picha vyote mtumie mwenzio. Andika bahasha "picha, usikunje". Ukiweka na kabarua na pipi mbili utapendwa maisha.

Wazazi. Mama atasema hao wavulana mbona wamejipaka poda. Usibishane, ubishi unakupotezea simu. Mtafutie ile hotuba ya RM pale Umoja wa Mataifa New York, 24 Septemba 2018, walipoenda na UNICEF, anaongelea utoto wake na kujipenda, kaa naye aangalie yote. Ukishindwa hapo mwambie habari ya Juni 2020, wao na kampuni yao walitoa dola milioni moja kwa Black Lives Matter, zile harakati za kutetea watu weusi Marekani, mashabiki nao wakachanga milioni nyingine ndani ya siku moja hivi. Mzazi anayeona kuna la maana atakuachia wikiendi. Na daraja la hesabu likishuka hamna hotuba itakayokuokoa, hiyo jua.

Bodingi ndo kipimo cha urafiki wenyewe. Simu haziruhusiwi, kambeki inatoka uko kwenye prepo, unarudi likizo dunia imeshaongea imemaliza. Kubalianeni mapema: aliye nje anamwekea aliye ndani kumbukumbu, kwenye chati yenu wawili tu, kila siku vitu viwili vitatu, laivu ipi aangalie kwanza, kichekesho gani kilitokea, na voisi ya siku nyimbo ilipotoka akiwa bado anapiga kelele. Asimharibie utamu kwa kumwambia kila kitu. Ukifungua simu kwenu siku ya kwanza ya likizo meseji zikaanza kushuka mia na kitu, we tafuta tu chaja, waage wa nyumbani, ulale mapema ujifunike shuka uanze na ya kwanza.

Mkishakuwa hata sita mji mmoja, fanyeni ka Festa kenu Juni 13 au bethidei ya mmoja wao. Korea wanapanga mgahawa wa kahawa wanazungushia vikombe makaratasi yenye sura ya mtu wao, nyie nendeni steshenari mprinti kwenye karatasi ngumu, muikate wenyewe, mzungushie kwenye vikombe vya juisi ya miwa, inatoka hela ndogo sana mkichanga. Ongea na mwenye mgahawa siku moja kabla, mwambie mko wangapi na mtanunua nini, omba kona na soketi ya spika. Asiyekuwa na mchango aje hivo hivo, mpeni kazi ya kupiga picha. Majina saba pigeni kwa sauti, atakayemtanguliza Jimin kabla ya Hoseok anunue maji ya wote. Mkimaliza okoteni vikombe na karatasi zenu, ili Septemba mkienda tena kwa ajili ya bethidei za Namjoon na Jungkook yule mama mwenye mgahawa asiwafukuze.