Kusali na Injili ya siku: hatua za Lectio Divina kwa anayeanza

Watu wazima ninaowasindikiza baada ya Kipaimara huniletea swali lilelile: nasali Rozari, Misa ya Jumapili sikosi, mbona katika sala ni mimi tu ninayesema? Njia ninayowapa ni Lectio Divina, yaani kusali kwa Neno la Mungu. Ngazi zake nne, kusoma, kutafakari, kusali na taamuli (kutulia kimya mbele ya Mungu), alizipanga Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12. Si mali ya wamonaki peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza waamini wote, mwaka 1965, kusoma Maandiko pamoja na sala.

1. Chagua somo. Chukua Injili ya siku kwenye kalenda ya liturujia. Usifungue Biblia popote inapojifungua, maana utaishia kwenye kurasa unazozipenda tu. Na tumia Biblia ya karatasi. Simu iache chumba kingine.

2. Kaa. Ishara ya msalaba, kisha mwombe Roho Mtakatifu.

3. Soma mara mbili, taratibu, kwa sauti. Neno likikugusa, simama hapo. Katika habari ya Bartimayo (Mk 10:46–52), mmoja atakwama pale watu wanapomkemea kipofu anyamaze, mwingine kwenye swali la Yesu: "Unataka nikufanyie nini?" Usitafute fundisho la kuwapa wengine. Kushirikishana Neno kuna siku yake, kwenye jumuiya.

4. Mjibu. Swali umeulizwa wewe. Jibu kwa maneno yako, hata kama kilichomo moyoni ni hasira au kodi ya nyumba.

5. Nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoacha. Anza na dakika tano. Mawazo yatakuja: ada ya watoto, maneno ya bosi, maharage jikoni. Wapo wanaopigana nayo, na wapo wanaokijaza kimya kwa Salamu Maria mfululizo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2729, inasema kuyawinda mawazo hayo ni kunaswa katika mtego wake. Inatosha kurudi moyoni. Kwa hiyo wazo likija, tamka mara moja lile neno ulilolishika, kama jibu la Bartimayo, "nipate kuona", kisha nyamaza tena. Likija tena, fanya vivyo hivyo, bila kujilaumu.

Ila likirudi lilelile kila siku, labda deni au mtu mliyegombana, usilifukuze tena. Namba hiyohiyo inasema usumbufu hutufunulia kile tulichoshikamana nacho. Rudi hatua ya nne, umwambie Mungu habari za deni hilo waziwazi.

Usisubiri sauti wala joto kifuani. Ukavu, yaani kusali bila kuhisi chochote, upo, na si dalili kwamba Mungu amekukasirikia. Mtakatifu Teresa wa Avila, mwalimu wa Kanisa katika mambo ya sala, kwa miaka mingi hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi. Basi ukikwama, fungua tena Injili usome mstari mmoja. Ukisinzia, kaa wima au badilisha saa. Mimi nashikilia alfajiri, kabla nyumba haijaamka, lakini mama mwenye mtoto mchanga asali anaponyonyesha. Ukavu ukidumu, ongea na padre. Ukavu huo ukija pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kuona maisha hayana maana, muone na daktari. Kumwendea daktari si kukosa imani.

6. Tenda. Papa Benedikto wa XVI aliandika mwaka 2010 kwamba Lectio Divina haijakamilika mpaka ifikie tendo. Chagua moja, lenye jina na saa: "leo jioni nitampigia dada." "Nitakuwa mwema zaidi" halitoshi, kwa sababu usiku hutaweza kujua kama umelifanya. Liandike kwenye daftari, sali Baba Yetu, uende kazini.