Kabla hujapanda ngome za mji wa Bundi, India: mambo ya kuzingatia

Mtu wa kwetu akienda India, mara nyingi anafuata hospitali, chuo au mzigo wa duka. Siku zikibaki, hukimbia Agra, akapiga picha mbele ya Taj Mahal, akarudi Delhi usiku huohuo. Mimi nasema, ukiwa na siku nne za ziada, zipeleke kwenye mji mdogo wa Warajputi. Hawa ni koo za kivita zilizotawala sehemu kubwa ya Rajasthan na majimbo jirani, na walipokaa waliacha ngome juu ya mlima, kasri ubavuni, na mji uliojibanza chini yake. Ngome ya Kumbhalgarh ina ukuta wa kilomita 36 hivi. Orchha, mji wa Wabundela, una makasri yake kando ya mto Betwa. Ila ninaoupenda ni Bundi, mji wa ukoo wa Hada, na huo ndio nitakaousemea zaidi.

Bundi si Jaipur, mji mkuu wa Rajasthan. Jaipur ukisahau kitu, unatoka nje unanunua. Bundi utazunguka vichochoro nusu siku, uambiwe kinapatikana mji wa Kota, kilomita 40 hivi kutoka hapo.

Anza na msimu, maana ukikosea hapa mengine yote hayatakusaidia. Mei na Juni jua la Rajasthan hupita nyuzi 40, na njia ya kwenda ngomeni ni mawe matupu. Julai hadi Septemba ni mvua: mlima unageuka kijani, mabwawa yanajaa, lakini mawe yanateleza na mbu wanaongezeka. Wengi huchagua Oktoba hadi Machi. Msidanganywe na neno India, lakini. Usiku wa Januari kule ni baridi kweli, na nyumba za zamani zilijengwa kufukuza joto, si kulitunza. Beba sweta nzito, si kikoi.

Hati ya kusafiria na viza kila mtu anazikumbuka. Kinachosahauliwa ni kadi ya njano. Ukitoka Kenya, Uganda, Burundi au Congo, India inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla hujafika. Usipokuwa nacho unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na safari yako ya siku nne imekwisha hapo. Mtanzania naye aibebe, hasa kama ndege inapitia Nairobi au Entebbe.

Upande wa malazi, Bundi kuna nyumba za wakubwa wa zamani, haveli, zilizogeuzwa za wageni, nyingine bado familia yenyewe inakaa humo. Ni nzuri kuliko hoteli yoyote ya bei hiyo. Uliza mambo matatu kabla hujalipa. La kwanza, wanapokea wageni wa nje? Sheria inamtaka mwenye nyumba amwandikishe mgeni serikalini ndani ya saa 24, na baadhi ya gesti ndogo hukwepa usumbufu huo kwa kukukatalia mlangoni. La pili, maji ya moto yapo saa zote au asubuhi tu? La tatu ni kwa mwenye mama mzee au goti bovu: chumba kiko ghorofa ya ngapi? Ngazi za haveli ni nyembamba, zimesimama wima kama za kupandia dari, na lifti hakuna. Ukiona tarehe zako zimeangukia Diwali au msimu wa harusi, Novemba hadi Februari, wahi mapema, kwa sababu kasri zenye vyumba vya wageni huchukuliwa nzima kwa harusi moja.

Treni nataka niikalie kidogo, kwa kuwa iliniumiza. Bundi unaufikia kwa urahisi kupitia Kota, kituo kikubwa kwenye reli ya Delhi na Mumbai. Kutoka hapo unachukua basi au teksi. Orchha unapitia Jhansi. Tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla na zinaisha haraka. Ukiona herufi WL kwenye tiketi yako, hiyo ni foleni, bado hujapata kiti. RAC maana yake utaingia, ila kitanda mtagawana wawili.

Sasa, saa. Tiketi yangu iliandikwa 00:35, tarehe 12. Mimi nikala chakula cha usiku tarehe 12 kwa raha zangu, nikafunga begi, nikaenda stesheni nikijua nimewahi. Treni ilikuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kwa Kiswahili tungesema usiku wa kuamkia tarehe 12, na hakuna ambaye angekosea. Tarakimu zile ndizo zilizonipoteza. Basi ukipata tiketi, iandike upya kwa maneno ya kwetu, kwa mkono, nyuma ya karatasi. Na Desemba na Januari ukungu wa kaskazini huchelewesha treni saa nyingi, kwa hiyo usipange kutoka ngomeni asubuhi na kupanda ndege jioni ya siku hiyohiyo.

Pesa: wenyeji wanalipana kwa simu, kwa kuskani, mpaka muuza chai. Mgeni mara nyingi hana mfumo huo, kwa hiyo toa pesa taslimu Kota au Jaipur, na noti za 500 zivunje mapema kwenye maduka makubwa. Laini ya simu isajili uwanja wa ndege ukiwa na pasipoti, kwa sababu programu nyingi za usafiri hutuma namba ya uthibitisho kwa laini ya India tu. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii kule. Zao ni za mviringo, kwa hiyo adapta nayo iwe begini.

Ndipo uje kwenye ngome yenyewe. Vaa raba zenye meno. Njia inayopanda hadi Garh, kasri la Bundi, imetandikwa mawe yaliyosuguliwa na miguu mpaka yanang'aa, na kandambili humo ni kujitafutia ajali. Beba tochi, si ya simu tu: vyumba vingine ni giza la popo, na harufu yao utaijua kabla hujawaona. Juu zaidi iko Taragarh, ngome ya karne ya 14, na huko wenyewe ni nyani. Usibebe ndizi wala mfuko wa nailoni mkononi, maana kwao mfuko ni chakula. Wenyeji watakushauri uchukue fimbo. Ichukue, huna haja ya kumpiga mnyama yeyote, kuishika tu kunatosha. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka na uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Usipite malango mbiombio. Kwenye ngome nyingi za Warajputi lango limewekwa baada ya kona kali, ili tembo wa adui asipate nafasi ya kukimbia akaligonga. Mbao zake zimepigwa miiba ya chuma, mirefu kama kidole, kwenye kimo cha paji la uso wa tembo. Ukiwa umekulia Unguja utasimama, kwa sababu utazikumbuka njumu za shaba za milango ya Mji Mkongwe. Asili yake husemwa ni hukohuko India, ingawa kwetu hapakuwa na tembo wa kuvunja mlango wa mtu.

Chitrashala, ukumbi wa michoro ya ukutani ya karne ya 18, uuendee asubuhi. Buluu na kijani zake zinahitaji mwanga wa jua, na taa ya kamera usiiwashe. Mchana jua likiwa kali, shuka mjini kwenye Raniji ki Baori, kisima cha ngazi alichojenga malkia Nathavati mwaka 1699, kina chake mita 46. Taragarh iwe saa kumi jioni, ila anza kushuka kabla jua halijazama, kwani njia haina taa na nyani wanarudi kulala.

Chakula ni mboga zaidi. Anayetaka nyama ya halali aulize mwenyeji wake mapema. Dal baati, matonge ya unga yaliyookwa na kuloweshwa samli, hushibisha hadi kesho, kwa hiyo usiile kabla ya kupanda. Na tia soksi kuukuu mfukoni: mahekaluni viatu vinavuliwa, na sakafu ya mawe Januari inauma nyayo kama barafu.