Soma Nakshi za Hekalu la Taiwan kwa Sikio

Mimi ni mchonga milango, Lamu, mtaa wa Langoni. Mikono yangu imezoea waridi, mnyororo na khati. Watu na wanyama hatuwatii mlangoni. Basi nilipokwenda kumtembelea mwanangu anayesoma Taipei, hekalu la kwanza lilinishinda. Sikuenda kuabudu, nilitaka kuona kazi ya mafundi wenzangu. Kila boriti ina watu: hawa wanapigana, hawa wanalia, yule kapanda farasi. Nilitoka shingo inaniuma na sikuambulia kitu. Nawe ukijaliwa safari hiyo, fanya hivi.

Ingia upande wa joka, ulio kulia kwako ukilitazama hekalu kutoka nje. Kizingiti kiruke, usikikanyage. Mimi niliingia kushoto, upande wa chui milia, ambao ni wa kutokea, bibi mmoja muuza maua akanivuta shati.

Usianzie paani, rangi za kule zitakulevya. Anza na ukuta wa mbele, pembeni mwa milango, uangalie vitu vilivyoshikwa mikononi. Utaona bendera na mpira upande mmoja. Upande wa pili mkuki wenye shoka na kengele ya jiwe. Mimi nilidhani ni vita na michezo. Kumbe kwa Kichina vitu hivyo huitwa qi, qiu, ji, qing, na ukivitamka kwa mfuatano unasikia maneno ya kuomba heri na furaha. Ni kama mimi nikuchongee paa, mnyama, nawe usome kupaa. Popo naye, huyu mla maembe yetu, jina lake fu linalingana na neno la baraka. Ukiwakuta watano, ni baraka tano, na umri mrefu ni mojawapo. Kwa hiyo mtafute mwenyeji akutajie majina. Macho peke yake hayatoshi.

Ukishazoea hayo, nenda kwenye mbao za hadithi. Nyingi ni za mkafuri, na ile harufu ya kafuri ilinishtua, kwetu huinusa kwenye maiti. Tafuta mtoto aliye kifua wazi karibu na kitanda. Huyo ni Wu Meng, wa miaka minane. Kwao hawakuwa na uwezo wa chandarua, akawaachia mbu wamnywe damu ili wazazi walale. Ni mmoja wa mifano 24 ya kuwatii na kuwatunza wazazi. Nilimsimulia mke wangu kwa simu, akauliza, "Na malaria je?" Swali zuri, lakini fundi hakuchonga kwa ajili ya daktari. Tazama alivyoweka uso wa mtoto: hauna maumivu hata kidogo. Hapo ndipo funzo lenyewe lilipo, na ndipo patasi ilipofanya kazi ngumu.

Sasa inua kichwa. Kwenye pembe, chini ya boriti, kuna mtu kachuchumaa amebeba paa zima. Wenyeji husema ni Mholanzi, maana Waholanzi walitawala kusini mwa kisiwa kuanzia 1624 hadi 1662. Sisi Wareno wetu hatukuwabebesha hata kenchi.

Kama una siku moja tu, nenda hekalu la Zushi huko Sanxia, karibu na Taipei. Mchoraji Li Meishu alisimamia kulijenga upya tangu 1947 hadi alipofariki 1983.

Kutoka, pita kwa chui milia. Ukiwa ndani unatazama nje, mlango wake nao uko kulia.